Asubuhi mgonjwa, jioni mzima: kisa cha fundi cherehani na mgongo wake

Tajiri wake alikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kijana ni mvivu. Kila siku anaingia kazini saa nne asubuhi, wenzake wakiwa wameshamaliza suruali mbili tatu, na anaingia mkono kiunoni, akipiga hatua fupifupi kama mzee anayetoka kliniki. Ikifika alasiri, kijana huyohuyo anatoka Mtaa wa Kongo na robota la kitambaa begani, analipandisha ngazi hadi ghorofa ya pili bila kutua. "Asubuhi mgonjwa, jioni mzima," tajiri alikuwa akiwaambia mafundi wengine, nao walicheka, maana kila mmoja alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Mimi pia niliyaona. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na kijana huyu alipita mikononi mwangu mara mbili. Nitamwita Fundi; ameridhia niandike, na vitu ambavyo vingemtambulisha nimeviacha. Mara ya kwanza, mwaka 2021, nilimkosea. Mara ya pili, 2024, alikuja na jina la ugonjwa, ankilosingi spondilaitisi, yaani baridi yabisi ya uti wa mgongo, likiwa limeshaandikwa kwenye karatasi, na aliyeugundua alikuwa daktari wa macho. Nimekaa na faili lake muda mrefu. Kila nikilisoma naona kwamba kile kilichomfanya asiaminiwe kazini, nyumbani na hata kwenye kitanda changu cha tiba ndicho kilichokuwa dalili kubwa kuliko zote. Maumivu yake yalikuwa na saa zake. Hakuna aliyemuuliza ni saa ngapi.

Kiuno

Yalianza 2017, akiwa na miaka 24. Hakuanguka, hakunyanyua mzigo, hakugongwa na bodaboda. Yalikuja kidogokidogo ndani ya tako la kulia, yakakaa wiki, yakahamia la kushoto, yakarudi kulia. Haya alinieleza miaka saba baadaye huku akitazama ukutani. Wote waliotangulia aliwaambia "kiuno", kwa sababu mbele ya daktari wa kike wa rika la dada yake hakuweza kulitaja tako, na mbele ya mwanamume napo aliona si neno la kusema. Namwelewa. Lakini kiuno chetu ni kipana mno. Ukisema kiuno Dar es Salaam, mwenye maabara atasikia mkojo, muuza dawa za asili atasikia ngiri, na jirani mwenye mdomo atasikia mambo ya chumbani.

Basi akatibiwa viuno vyote isipokuwa chake. Antibiotiki za U.T.I. alipewa mara nne, na kuanzia mara ya tatu ikaitwa U.T.I. sugu. Mizizi ya ngiri alikunywa hadi ulimi ukafa ganzi. Mama yake, Kilwa, alisema ni baridi ya sakafu imemwingia, akamtumia fedha za kununua kitanda. Zahanati moja ilimpima makohozi kwa wasiwasi wa TB ya mgongo, na hilo silaumu hata kidogo, maana kwetu TB ya mgongo ipo na asiyeifikiria anacheza. Ila TB kwa kawaida huchagua pingili mbili tatu zinazopakana ikazila, mara nyingi huja na homa, jasho la usiku na kukonda, na mgonjwa hutaka alale atulie. Fundi hakukonda. Homa hakuwa nayo. Na kulala ndiko kulikokuwa adhabu yake.

Kitu kimoja tu kilimsaidia, sindano ya diklofenaki ya duka la dawa la mtaani. Akichomwa jioni, kesho yake mgongo umelegea, anakaa siku mbili akitembea kama watu, kisha unaganda tena. Kila aliyesikia alisema: si unaona, ni maumivu ya kawaida, yanapona kwa sindano. Kumbe mgongo unaoitikia dawa za jamii hiyo kwa kasi namna hiyo, ndani ya siku moja au mbili, ni moja ya mambo ambayo madaktari wa baridi yabisi huyaweka kwenye mizani wanapoutafuta ugonjwa huu. Alikuwa akinunua kipimo bila kujua, na hakuna aliyemsomea majibu.

Kisha kuna usiku. Saa nane au saa tisa maumivu yalikuwa yanamwamsha, na kujigeuza hawezi mpaka ashike ukingo wa kitanda ajivute. Aligundua mwenyewe kwamba akitoka nje akatembea robo saa, yanapungua. Ikawa kawaida yake: anatembea uani, anaenda anarudi, peku ili asiamshe watu. Sasa fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita Mbagala, na mwanamume anazunguka uani saa tisa usiku, peku. Mnajua wenyewe kilichosemwa. Mpangaji mmoja alihama. Mkewe aliniambia kwamba yeye hakuwa na hofu ya uchawi, hofu yake ilikuwa mwanamke mwingine kwenye simu, hadi usiku mmoja akamnyatia akamkuta ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa choo, mikono kiunoni, anahesabu hatua.

Nilichomwambia 2021

Alikuja na karatasi iliyoandikwa maumivu ya mgongo sehemu ya chini, na picha ya eksirei iliyosomwa kuwa ya kawaida. Ilikuwa saa saba mchana. Nikamwambia ainame, akainama si haba. Nikamnyanyua mguu mmoja mmoja nikitafuta mshipa wa fahamu uliobanwa, sikupata kitu. Fundi cherehani, mgongo unauma, ameinamia meza saa kumi kwa siku: kuna nini cha kufikiri tena? Nikaandika misuli imechoka, nikampa tiba ya joto na mapumziko ya wiki mbili.

Wiki mbili za kulala zilimmaliza. Alirudi mara moja tu, kwa adabu, kama mtu anayekuja kuaga. "Dada, nimepumzika, lakini nimezidi kukauka." Nami nikaandika kwenye faili: hakufuata maelekezo. Maandishi hayo bado yapo, kwa mkono wangu.

Sikuwa sijui. Chuoni tulifundishwa kwamba mgongo uliochoshwa na kazi huuma jioni na hupoa ukiulaza, na kwamba mgongo wenye uvimbe wa baridi yabisi hufanya kinyume: unauma ukilala, unapoa ukitembea. Huanza polepole kabla ya miaka 40, huamsha mtu nusu ya pili ya usiku, na asubuhi huwa mkavu kwa zaidi ya nusu saa. Fundi alikuwa anakaa mkavu saa mbili na nusu. Neno lake mwenyewe lilikuwa zuri kuliko la vitabu vyangu. "Nikiamka mgongo ni kiporo," aliniambia 2024. "Haufai mpaka upashwe moto." Mwaka 2021 nilimpima saa saba mchana, kiporo kikiwa kimeshapashwa moto kwa daladala, ngazi na mizigo ya asubuhi nzima, nikaona mgongo mzuri. Tajiri wake naye alikuwa akiutazama mgongo huohuo kwa saa ileile.

Jicho

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, ule ulioanzia kusikika Dar es Salaam na kusambaa mikoani. Kila daladala ilikuwa na mtu aliyevaa miwani ya jua. Januari pia ni mwezi wa sare za shule, mafundi hawalali. Jicho la kushoto la Fundi lilipokuwa jekundu, wenzake walimwambia atoke kibandani asiwaambukize, akanunua matone ya antibiotiki, akatia siku tano. Likazidi.

Daktari wa macho aliyemwona alikuwa ameshaona mamia ya macho mekundu mwezi huo, na sifa yake kwangu ni kwamba hakulihesabu hilo kuwa moja zaidi. La mlipuko lilikuwa likianza jicho moja na kwa kawaida kuhamia la pili, likitoa tongotongo na machozi, linawasha kama lina mchanga. La Fundi lilikuwa moja tu, kavu, linauma kwa ndani, mwanga unalichoma kama sindano, na kuona kumefifia. Akaliangalia kwa darubini ya macho akakuta uvimbe uko ndani ya jicho, nyuma ya kioo cha mbele. Kisha akauliza swali ambalo Fundi alidhani amekosea chumba: "Mgongo wako asubuhi ukoje?"

Miaka saba hakuna aliyeweka mgongo na asubuhi kwenye sentensi moja.

Uvimbe huo wa ndani ya jicho, uveaitisi, huwapata takriban robo ya wenye ugonjwa huu wa mgongo wakati fulani wa maisha yao, pengine zaidi. Kwa kawaida hushika jicho moja kwa wakati, huja ghafla, na ukiachwa unaweza kugandisha mboni na kuharibu uwezo wa kuona. Matone ya antibiotiki hayaugusi; hutibiwa kwa matone ya steroidi pamoja na mengine ya kupanua mboni, chini ya macho ya daktari, kwa sababu matone hayohayo yakiwekwa kwenye jicho lenye maambukizi ya aina nyingine huleta balaa. Jicho la Fundi lilitulia wiki ya nne. Lakini barua aliyotoka nayo siku ya kwanza ndiyo ilikuwa na thamani: daktari alimwandikia apigwe picha ya nyonga, siyo ya mgongo.

Picha ilikuwa inapigwa mahali pasipo na ugonjwa. Ugonjwa huu, ankilosingi spondilaitisi, kwa kawaida huanzia chini kabisa, kwenye maungio mawili ambapo mfupa wa chini wa uti wa mgongo unashikana na mifupa ya nyonga, yaani nyuma ya matako palepale ambapo Fundi alishindwa kupataja. Picha ya nyonga ilionyesha kingo za maungio hayo pande zote mbili zimeliwa na kufifia, na upande wa kulia mfupa umeanza kuungana na mfupa. Hapakuhitajika tena mashine ya bei kubwa. Ile ya MRI ina kazi yake kwa walio mwanzoni, maana uvimbe huonekana humo miaka kabla eksirei haijaonyesha kitu. Fundi mwanzo wake ulikuwa umepita zamani.

Kinachotokea mwilini kinashangaza kidogo. Kinga ya mwili inashambulia pale ambapo kano na mishipa ya kushikilia inapopachikwa kwenye mfupa. Ndiyo maana kisigino chake kilikuwa kinamuuma asubuhi na kila mtu akasema ni viatu. Panavimba, panaliwa, kisha mwili unatibu kwa kuzidisha: unajenga mfupa mpya mahali ambapo mfupa haukutakiwa. Pingili zinaanza kuunganishwa kwa madaraja membamba, na mwisho wake, kwa wachache na baada ya miaka mingi, mgongo mzima unakuwa kama mwanzi, fundo baada ya fundo, haupindi. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa huu uliandikwa na watu watatu mbalimbali, Bekhterev wa Urusi, Strümpell wa Ujerumani na Pierre Marie wa Ufaransa, na kwa muda mrefu ulidhaniwa ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1973 ilipogunduliwa kwamba wagonjwa wengi sana wa huko wana alama ya kinasaba iitwayo HLA-B27, na kwamba alama hiyo ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, dhana hiyo ikazidi nguvu. Nadhani ndiyo iliyokuwa imekaa kichwani mwangu 2021: hawa wetu hawaugui hilo. Wanaugua. Ni wachache, na wengi wao alama hiyo hawana. Daktari bingwa aliyempokea Fundi alikataa kabisa kumwandikia kipimo hicho. Alimwambia pesa hiyo akanunulie dawa, kwa kuwa kikitoka hana alama, ugonjwa wake utakuwa palepale.

Futi kamba

Alipokuja kwangu mara ya pili nilimwomba radhi kabla ya kumgusa. Alicheka. Kisha nikatafuta futi kamba yangu kwenye droo, sikuiona, yeye akaitoa shingoni mwake.

Tulitumia hiyo, na tunaitumia mpaka leo. Kuna vishimo viwili chini ya mgongo wa watu wengi. Kwenye mstari unaoviunganisha unahesabu sentimita 5 kwenda chini unaweka alama, na sentimita 10 kwenda juu unaweka nyingine. Mtu akiinama bila kukunja magoti, zile sentimita 15 zinatakiwa kufika 20 au kupita. Za Fundi zilifika 17.5. Kifua tulikipima kwenye usawa wa chuchu, pumzi yote nje, kisha pumzi yote ndani: tofauti inapaswa kupita 5, ikishuka chini ya 2.5 ni hatari. Yeye alipata 3, maana mbavu nazo zinashikana na uti wa mgongo na ugonjwa hauzisahau. Mwisho akasimama visigino ukutani. Kisogo chake hakikugusa ukuta, kilibaki sentimita 2. Alitazama namba akaniambia, "Mimi nimepima vifua vya watu miaka kumi na mbili sijawahi kuwaambia wavute pumzi." Akafungua daftari lake la vipimo vya wateja, akaandika jina lake juu ya ukurasa kama mteja mwingine yeyote.

Ukurasa huo ndio uliotuongoza, zaidi ya faili langu. Kipo kipimo kilichotungwa Bath, Uingereza, mwaka 1994, maswali sita ya uchovu, maumivu na ugumu wa asubuhi, majibu kutoka 0 hadi 10. Tulikijaza, akapata 6.8. Lakini yeye aliongeza chake. Kila siku aliandika jinsi alivyoswali alfajiri: kiti, au sajda. Kwa miaka mitatu alikuwa akiswali alfajiri kwa kukaa na adhuhuri kwa kusujudu kama kawaida, na msikitini kuna mzee aliyemwuliza mbele za watu kama ugonjwa wake una ratiba. Una ratiba. Nilimwambia hilo ndilo swali la kidaktari kuliko yote aliyowahi kuulizwa.

Siku inavyokwenda

Saa kumi alfajiri simu inalia. Anameza dawa pamoja na kipande cha mkate, anarudi kulala. Inapofika saa kumi na moja dawa imeshaanza kazi. Mpango huu aliupata katika Ramadhani ya 2024, iliyoangukia Machi, wakati tulipokuwa tunahangaika jinsi ya kugawa dozi. Daktari alimpa diklofenaki ya kuyeyuka polepole, moja baada ya futari na moja wakati wa daku, pamoja na ya kulinda tumbo, na akamwonya kuhusu maji, kwa kuwa dawa hizi na mwili mkavu huumiza figo. Mwezi ule alfajiri yake ikawa nyepesi kuliko wakati wowote. Tena akaja na ripoti ambayo sikuitegemea, kwamba usiku wa tarawehe ndefu analala vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimeogopa zile rakaa zingemchosha! Kusimama, kurukuu, kunyanyuka, saa nzima kabla ya kulala: nisingeweza kumtungia programu bora ya mazoezi. Ramadhani ilipoisha tulibakiza saa zake.

Dawa hizi kwa ugonjwa huu hazinywewi pale tu maumivu yanapozidi. Wakati ugonjwa umechachamaa hunywewa kila siku, dozi kamili, wiki kadhaa, ndipo ijulikane kama zinafaa; na anayezinywa hivyo anapimwa presha na figo kila baada ya miezi michache. Ndiyo tofauti na sindano za duka la mtaani, ambazo kwa miaka saba zilimpa siku mbili mbili za nafuu na kumnyima daktari wa kumfuatilia. Vidonge vya steroidi vya kumeza, vile vinavyomfanya mtu anenepe na kujisikia mzima, havisaidii uti wa mgongo kwa muda mrefu na vinaidhoofisha mifupa ambayo ugonjwa wenyewe umeshaidhoofisha.

Baada ya swala anafanya mazoezi robo saa mkekani: kujinyoosha kwa nyuma, kuzungusha kifua, pumzi ndefu. Kisha nilimtaka alale kifudifudi dakika ishirini, ili nyonga na mgongo visizoee kukunjika. Alikataa. Alisema amefundishwa tangu utotoni kwamba kulala kifudifudi hakupendezi. Sikubishana, alikwenda kwa ustadhi wake, akarudi na jibu kwamba tiba si usingizi. Mto wake sasa ni kanga ya mkewe iliyokunjwa mara nne, kwa sababu mto mnene unaisukuma shingo mbele, na shingo ikigandia hapo itabaki hapo.

Kwenye daladala ya Kariakoo anasimama. Watu humpisha kiti wanapomwona asubuhi, naye anashukuru na kubaki amesimama, jambo linalowaudhi baadhi. Bodaboda ameacha. Uti wa mgongo ulioshikana huvunjika kwa kishindo ambacho kwa mwingine kingekuwa mchubuko, na kwa sababu hiyohiyo nilimkataza vitu viwili alivyovipenda: kukanyagwa mgongo na mpwa wake, na ule mtindo wa saluni za kiume wa kumalizia kunyoa kwa kuizungusha shingo hadi ilie. Kinyozi wake alinuna. Sigara imekuwa vita yetu. Inaharakisha kuunganika kwa mifupa, na mbavu zisizopanuka hazina mapafu ya kupoteza. Ameshuka kutoka nane hadi mbili kwa siku, na hizo mbili ananificha.

Kuogelea ndiyo dawa ambayo hahitaji kusukumwa. Mtoto wa Kilwa, bahari ameikuta. Jumapili anavuka pantoni kwenda Kigamboni na binti yake wa miaka sita. Binti huyo ndiye aliyemfanya aniulize swali lililomchukua muda kulitoa, kama atamrithisha. Ugonjwa una mizizi ya kinasaba na hatari kwa watoto ipo juu kuliko kwa watu wengine, lakini wengi wao hawaupati, na hakuna kipimo cha maana cha kumfanyia mtoto asiye na dalili. Nikamwambia kitu kimoja cha kushika: akifika ujana akalalamika mgongo asubuhi, asimwite mvivu.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko mwili. Mafundi hulipwa kwa pisi, na kila dakika ya kusimama kujinyoosha ni pindo ambalo halikushonwa. Nilimwandikia tajiri barua nikiomba Fundi aanze saa tano na amalize usiku, jumla ya saa ileile. Tajiri alijibu kwa simu, kwa upole kabisa, kwamba hana shida na saa, shida yake ni kwamba kijana akiwa mgonjwa kweli mbona jioni hana kitu. Nilimweleza dakika kumi. Alisema sawa, na wiki iliyofuata akaniuliza vilevile. Ugonjwa unaopona kwa kubeba robota haukumwingia akilini, na nikikumbuka nilichoandika 2021 sina ubavu wa kumcheka.

Mwezi Mei Fundi aliondoka. Amejiunga na mwenzake Temeke: mwenzake anashona, yeye anakata. Meza ya kukatia waliipandisha kwa matofali hadi usawa wa kitovu chake, anafanya kazi amesimama, akizunguka meza kwa mkasi siku nzima, na mkataji mzuri heshima yake si ndogo. Kipato kilishuka miezi mitatu ya kwanza. Mkewe alikiziba kwa maandazi.

Agosti jicho lilirudi, safari hii la kulia. Alifika kwa daktari wa macho siku ileile, bila kupitia duka la dawa, na lilitulia kwa siku kumi.

Daktari bingwa amemweleza kuhusu sindano za kisasa, adalimumabu na nduguze, zinazozima moja kwa moja kemikali inayochochea uvimbe. Zimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwetu kuna milango miwili ya kupita kwanza. Wa kwanza ni TB, kwa kuwa sindano hizi zinaweza kuiamsha iliyolala mwilini, hivyo mtu hupimwa na akikutwa nayo huanza dawa za kuizuia kabla. Wa pili ni bei, na Fundi hana bima; alipotajiwa gharama ya mwezi mmoja alikaa kimya, kisha akauliza kama wanauza nusu. Kwa sasa hazihitaji. Kawaida hufikiriwa dawa za kwanza zikishindwa na kipimo cha Bath kikibaki 4 au zaidi. Chake Desemba kilikuwa 3.6. Ni pembamba, na sote wawili tunajua.

Siku hiyo ya Desemba alinikuta na futi kamba mpya niliyoinunua kwa ajili yake, akaikagua, akasema sentimita zake si za kuaminika, tukatumia ya kwake. Ukurasa wake kwenye daftari umejaa hadi pambizoni. Mgongo 17.5, uleule wa mwanzo: kilichokwisha kuungana hakijaachia, na hakijaongezeka. Kifua 3.8. Alfajiri za mwezi mzima zimeandikwa sajda, isipokuwa nne. Mistari miwili chini yake, kwa kalamu ileile, vinaanza vipimo vya sketi arobaini za sare, za kuchukuliwa kabla shule hazijafunguliwa.